Kabla ya Nguzo, Ramani

Leo tuipande Milima ya Matogoro kwa maneno, maana magoti yangu siku hizi hayana hamu ya kupanda chochote.

Mvua inaponyesha Matogoro, hapo mashariki ya mji wetu wa Songea, matone yanagawana njia. Tone moja litaingia Mto Ruvuma. Litaanza kwa kwenda magharibi, kana kwamba limepotea, halafu ligeuke kusini hadi mpaka wa Msumbiji, kisha liufuate mpaka huo hadi Bahari ya Hindi. Tone la pili, lililoangukia upande wa Mto Luhira, litaishia Ziwa Nyasa. Ziwa lile lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni Mto Shire kule Malawi, kwa hiyo tone letu huenda likazungusha mitambo ya Nkula, Tedzani na Kapichira kabla ya kuingia Zambezi. Tone la tatu litashika Mto Luegu, lipite Namtumbo kwenda kaskazini, liingie mto mwingine, Luwegu. Luwegu ukikutana na Mto Kilombero, hapo ndipo Rufiji unapozaliwa, na huko chini kuna Bwawa la Mwalimu Nyerere lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Matogoro, kwa ufupi, ni mgongo wa paa: maji yanaangukia pande tatu na kila upande una mwenyewe.

Sasa swali langu la leo. Nani alijua hayo? Nani alitembea kwenye migongo ile, akapima, akachora mstari na kusema, kuanzia hapa maji ni ya Ruvuma, kuanzia pale ni ya Rufiji? Siku ya kuzindua umeme tunamwona waziri, tunamwona meneja wa shirika la umeme, TANESCO, tunawaona mafundi na kofia zao ngumu, na kikundi cha ngoma hakikosekani. Mwanajiografia simwoni. Kazi yake ilikwisha miaka mingi nyuma, naye pengine amekwisha kustaafu au kufariki. Jioni ya leo nataka nisimulie habari za mmoja wa watu hao, halafu turudi nyumbani tuone kazi ya aina yake imefanya nini mkoani Ruvuma, na mahali gani imetuangusha.

Aliitwa Clement Gillman. Alizaliwa Madrid, Hispania, mwaka 1882, akasomea uhandisi Zürich, Uswisi, na mwaka 1905 akashuka Dar es Salaam kufanya kazi ya reli ya Wajerumani. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, alikuwa miongoni mwa wahandisi walioijenga. Wajerumani wakashindwa vita, Waingereza wakachukua nchi, yeye hatimaye akawa mhandisi mkuu wa reli za Tanganyika. Mhandisi wa reli wa zamani alikuwa hana jinsi, ilibidi atembee. Huwezi kujua treni itapanda wapi kama hujapanda kwanza wewe. Mwaka 1927 alichapisha katika jarida la wanajiografia la London makala ndefu kuhusu kusini-magharibi ya Tanganyika. Alikuwa ametumwa na mambo ya reli, lakini macho yake yaliona na mengine: udongo, miti, mashamba, vijito vinavyokauka na visivyokauka.

Kazi iliyomtangaza zaidi ilitoka mwaka 1936. Ilikuwa ramani ya watu. Gillman alichukua hesabu za watu za serikali, akaziweka juu ya karatasi mahali watu walipoishi kweli, badala ya kuzimwaga sawasawa juu ya wilaya nzima kama makarani walivyopenda. Matokeo yake yanashtua. Takriban theluthi mbili ya watu wa Tanganyika walikuwa wamejibana kwenye sehemu moja ya kumi ya nchi. Walikaa pembezoni, milimani, kando ya maziwa na pwani. Katikati palikuwa peupe. Na alipouliza kwa nini, jibu lake la kwanza lilikuwa maji: watu hukaa mahali watakapopata maji mwaka mzima. Jibu la pili lilikuwa mbung'o, yule nzi anayeua ng'ombe na kuwaletea watu malale.

Baada ya reli, serikali ilimpa kazi ya mshauri wa maji wa nchi nzima, akazunguka tena mikoani akitafuta yalipo na yasipo. Alifariki mwaka 1946, na ramani yake ya uoto wa Tanganyika ikachapishwa mwaka 1949, yeye hayupo. Shajara zake zimehifadhiwa Oxford, na wanahistoria wa nchi yetu, John Iliffe akiwamo, wamezichimba sana. Ukiitazama safari ile ya reli, kisha watu, kisha maji, kisha miti, unaona kichwa kimoja kikifuata swali moja maisha yote: kitu hiki kiko wapi, na kwa nini kiko hapo?

Ninamheshimu. Lakini, msikilizaji, sisi wa Songea tuna neno la kumwambia.

Mwaka aliofika, 1905, ndio mwaka Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani vilipoanza. Mapema mwaka 1906 Nduna Songea Mbano alinyongwa hapa, pamoja na wenzake wengi, na mji ukabaki na jina lake. Waliokufa kwa risasi na kamba walikuwa sehemu tu ya hasara. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, njaa ikaingia, na njaa ndiyo iliyomaliza watu kuliko bunduki. Upande wa Undendeule na Ungindo vijiji vilihama au vilikufa. Pori likarudi, wanyama wakarudi, mbung'o wakarudi nao. Baadaye sehemu ya nchi hiyo ikaingizwa katika pori la akiba la Selous, na kuanzia 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kwa hiyo ramani ya 1936 inapoonyesha weupe kusini na kuueleza kwa maji na mbung'o, inasema nusu ya ukweli. Mbung'o alikuwepo, sawa. Nani alimfungulia mlango?

Sisemi hivi ili kumfunga marehemu. Nasema kwa sababu ramani ina nguvu ya ajabu ya kunyamazisha. Mahali pasipo nukta panaonekana hapana mtu wala historia, na serikali yoyote, ya kikoloni au yetu wenyewe, ikiona weupe hufikiri mambo mawili tu: hifadhi au mradi mkubwa. Kule Rufiji, korongo ambalo leo lina bwawa liliitwa miaka mingi kwa jina la mpimaji Mzungu, Stiegler, anayesemekana kuuawa na tembo mwaka 1907 akiwa kwenye upimaji. Mtu mmoja aliyekufa akipima akapata korongo zima. Wangindo waliokufa kwa njaa bonde la jirani miaka hiyohiyo hawakupata hata kijito.

Haya, tuje baada ya Uhuru. Mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata idara ya utafiti wa rasilimali na matumizi ya ardhi, ambayo wengi waliijua kwa jina la BRALUP, na mwaka 1983 ikawa Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali. Humo walipita wanajiografia wetu, Adolfo Mascarenhas mmoja wao, na ramani za sensa ya 1967 zilichorwa na watu wa humo. Mradi wa bwawa la Rufiji ulipoanza kuzungumzwa miaka ya 1970, watafiti wa BRALUP ndio waliokwenda kuwauliza wakulima wa bonde la chini mafuriko yana maana gani kwao. Wahandisi walikuwa wanauliza maji ni kiasi gani. Wanajiografia waliuliza nani anayalimia.

Kisha ikaja Operesheni Vijiji, ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, kati ya 1973 na 1976, na ramani ya watu ikabadilika kuliko ilivyowahi kubadilika tangu Majimaji. Hapa Songea tulikuwa na hadithi yetu kabla ya hapo, ya Litowa na Chama cha Maendeleo Ruvuma, vijiji vilivyojianzisha kwa hiari na ambavyo chama chao kilivunjwa mwaka 1969. Hiyo ina siku yake. Ninalotaka ulikumbuke leo ni jambo moja la kijiografia: operesheni iliwaweka watu kando ya barabara. Wapo waliotolewa kwenye mashamba yenye rutuba, na malalamiko yao ni ya haki. Lakini miaka 40 baadaye nguzo za umeme zilipokuja zilifuata barabara ileile, zikakuta nyumba zimepangana mstari. Mkandarasi aliyekuta kijiji cha namna hiyo alimshukuru Mungu. Sina hakika kama alijua wa kumshukuru mwingine.

Umeme wenyewe Songea tumeujua vipi? Vijana hawatakumbuka, lakini kwa miaka mingi mji huu ulikula dizeli. Jenereta za TANESCO zililia usiku na mchana, na mafuta yalisafiri kwa lori zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam. Lori likikwama, mji giza. Mashine ikiharibika, mgao. Mtu aliyekuwa na duka la nyama alinunua jenereta lake kabla ya kununua mizani.

Wakati ule mto ulikuwa unapita. Na hapa lazima niwataje masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes wa Chipole. Masista hawa walitazama Mto Ruvuma unavyoanguka pale Tulila wakaamua kujenga kituo cha megawati 5, kikaanza kuuza umeme kwa TANESCO mwaka 2015. Masista, msikilizaji! Watu tunaowafikiria kwa sala, shule na zahanati. Kule Mbinga, Mbangamao, mwekezaji Mtanzania naye aliwasha mtambo mdogo mwaka huohuo, ule wa Andoya.

Ngoja nieleze kidogo hesabu yake, kwa sababu ndiyo inayoonyesha kazi ya mwanajiografia. Umeme wa maji unataka vitu viwili, wingi wa maji na mwanguko. Mita moja ya ujazo ya maji kila sekunde, ikianguka mita 10, ina nguvu ya kilowati 98 kwenye karatasi. Ukiondoa kinachopotea ndani ya bomba na mashine unabaki na kama 80. Mwanguko utaupima kwa wiki moja, haubadiliki. Maji ndiyo kazi. Maji ya Machi si maji ya Oktoba. Songea ina msimu mmoja wa mvua, Novemba au Desemba hadi Aprili, kama milimita 1,100 kwa mwaka, halafu kiangazi kirefu. Ukijenga mtambo kwa maji ya Machi, Oktoba utakuwa na jengo zuri la kupiga picha.

Ili kujua maji ya Oktoba unahitaji miaka ya kumbukumbu. Na kumbukumbu hizo hazitoki kwenye setilaiti peke yake. Zinatoka kwa mwanakijiji aliyepewa daftari, anayeshuka mtoni asubuhi na jioni kusoma ubao wenye alama za sentimita uliosimikwa ukingoni. Malipo yake ni ya kusikitisha. Ubao ukisombwa na mafuriko na hakuna aliyekuja kuusimika upya, daftari linakuwa na pengo, na pengo hilo litamfikia mhandisi miaka 20 baadaye kama shaka, na benki kama riba kubwa. Ukitaka kujua kwa nini maporomoko mengi ya Ruvuma, Mbinga na Ludewa bado yanaanguka bure, usilaumu mtaji peke yake. Uliza pia daftari liko wapi.

Jambo jingine ni bei. Kwa utaratibu wa wazalishaji wadogo wa hapa nchini, wale wasiozidi megawati 10, TANESCO hununua umeme kwa mkataba wa kawaida, na anayeuza kwenye mji unaotegemea dizeli alikuwa analipwa zaidi kuliko anayeuza kwenye gridi ya taifa. Ni haki, kwa sababu uniti yake inaokoa mafuta. Kumbe basi thamani ya mto ilitegemea pia mstari mwingine wa ramani, mstari wa gridi. Mwaka 2018 mstari huo ukatufikia: njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, kilomita 250, kwa msaada mkubwa wa Sweden. Jenereta zikanyamaza. Nilifurahi kama kila mtu. Lakini mwenye mtambo mdogo anayeanza leo hukuta hesabu nyingine kabisa, mto uleule, maporomoko yaleyale.

Sasa tumefika kwenye kipande ambacho naona tunakikosea. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanza kazi mwaka 2007, ulikuwa na lengo la vijiji, vijiji 12,318 vya Tanzania Bara. Kijiji kikipata nguzo na transfoma, kinahesabika kimepata umeme. Wenyeji wa Tunduru wanalijua hilo vizuri kuliko mimi: kijiji kina umeme, kitongoji kilichoko kilomita nne kutoka ofisi ya kijiji kina koroboi. Ndiyo maana sasa kazi imehamia vitongoji, na vitongoji nchini ni zaidi ya 64,000. Hapo hesabu ya mjini haifanyi kazi. Mkoa wetu una watu zaidi ya milioni 1.8 kwa sensa ya 2022, wametawanyika kwenye nchi pana mno. Bei ya kuunganishwa kijijini ni shilingi 27,000, na hiyo wengi wataimudu. Nani atalipia kilomita za waya kabla ya kufika mlangoni?

Uamuzi wa kitongoji kipi kivutiwe waya na kipi kipewe gridi yake ndogo ya jua au maji ni swali la Gillman lilelile: watu wako wapi kweli? Na safari hii tuna jibu zuri kuliko lake. Sensa ya 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, maeneo ya kuhesabia yakachorwa kidijitali, na mwaka huohuo tukabandikiwa namba za anwani za makazi. Tuna nyumba moja moja kwenye ramani. Nimeona hata hivyo mipango ya umeme ikijadiliwa kwa orodha ya majina ya vijiji iliyopangwa kwa alfabeti, na diwani mwenye sauti kubwa akapata kwanza. Ramani ipo, haijafunguliwa.

Nikupe mfano wa faida ya kuifungua. Ule msimu mmoja wa mvua niliousema ni balaa kwa mto na ni neema kwa jua. Agosti, Septemba, Oktoba, Ruvuma na vijito vyake vinapungua, lakini mbingu za kwetu ziko wazi. Januari mawingu yamejaa, mto nao umejaa. Anayeziweka karatasi mbili juu ya nyingine, ya mvua na ya jua, anaona mapema mahali ambapo paneli na turbaini ndogo zitasaidiana mwaka mzima, bila kununua betri nyingi. Jambo hilo halihitaji shahada ya pili. Linahitaji mtu aliyefundishwa kuweka karatasi juu ya karatasi.

Na mtu huyo yuko darasani sasa hivi. Kuna mchepuo wa kidato cha tano unaitwa PGM: fizikia, jiografia na hisabati. Ukimuuliza mzazi wa Songea mtoto wake akichukua PGM atakuwa nani, atasema rubani, au atakaa kimya. Ukimtajia mchepuo wowote mwingine wenye jiografia, atasema mwalimu. Ualimu ni kazi ya heshima, na siwezi kuusema vibaya. Lakini hatujamwambia kijana huyo kwamba kuna bodi za mabonde ya maji, kuna ofisi za takwimu, kuna mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji, kuna REA, kuna Chuo Kikuu Ardhi, kuna kampuni za umeme jua zinazotafuta mtu wa kuwaambia wateja wako wapi. Gillman alianza kama mhandisi wa reli. Njia hii haina mlango mmoja.

Nimalizie kwa Matogoro, kwa sababu kuna jambo la kiofisi linanikera. Nchi yetu imegawanywa katika mabonde tisa ya maji, na ni mgawanyo mzuri, umefuata mito badala ya mipaka ya mikoa. Ila mlima wetu umeangukia mabonde matatu. Bonde la Rufiji ofisi yake kuu iko Iringa. Bonde la Ziwa Nyasa, Tukuyu. Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, Mtwara. Watumiaji wakubwa wa maji, wazalishaji wa umeme wakiwamo, hulipa ada ya matumizi ya maji kwa bodi ya bonde lao. Makadirio yanayotumika sana yanasema Luwegu hutoa kama asilimia 18 ya maji ya Rufiji, na Luegu wetu umo ndani ya hiyo. Wakati huohuo mkulima wa chini ya Matogoro anaambiwa, na ni kweli, asilime karibu na chanzo, asikate mti, bustani yake ya bondeni aiache. Anaacha ili maji yafike Tulila, yafike Nyasa, yafike Rufiji.

Bodi hizo tatu zikutane Songea, si Iringa wala Mtwara, zikiwa na ramani moja ya mlima huu ukutani, na huyo mkulima awe amekaa mezani. Ajenda ya kwanza iwe ada: shilingi ngapi zimeingia mwaka jana kutokana na maji yanayoanzia hapa, na ngapi kati ya hizo zimerudi Matogoro.